Shati Nililovua Mbele ya Mkamwana

Kwetu Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mke wa mwanangu ameishi kwangu Ipyana miaka, na akiniona naja anakata njia kupitia migombani. Sura yake nilikuwa siijui vizuri.

Sasa majibu ya vipimo vyangu yakawa tayari Mbeya, mwanangu yuko safarini, na aliyesoma pale nyumbani ni mkewe peke yake. Ikabidi anisindikize. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi kila nikiuinua kuchuma kakao za juu. Niliogopa kiharusi.

Daktari si mtu wa kwetu, mila hakuzijua. Akasema picha ya shingo safi, kipimo cha mishipa ya fahamu safi, damu inapita.

“Kwa hiyo mimi mwongo?” nikamwuliza. Shamba nimelifyeka kwa mikono hii. Sijazoea kuambiwa siumwi.

“Kaa, mzee. Vipimo vimeondoa magonjwa mengine, kazi yake ndiyo hiyo. Sasa vua shati.”

Mkamwana alikuwa ameketi anatazama ukuta. Nikavua. Nikaambiwa ninyanyue mikono yote kama mwizi aliyekamatwa, nifumbe na kufumbua viganja. Wa kushoto ulikaa juu. Wa kulia ukawaka moto, ukawa mzito, ukaanguka wenyewe.

“Mama, geuka uone,” daktari akasema, “ukamweleze mumeo.”

Akageuka. Akaona kifua changu cha uzee na mkono ulionishinda.

Kwenye gari la kurudi nikashindwa kuvumilia, nikamsemesha. “Picha safi, halafu naumwa. Ndiyo nini hiyo?”

Akajibu ameelekea dirishani, akiniita baba kwa Kinyakyusa. “Tata, siyo kiharusi. Mishipa inabanwa kati ya mtulinga na ubavu wa juu. Picha haikuonyesha. Daktari amejua kwa maelezo yako, na kwa mkono kuanguka. Utafanya mazoezi, kakao wachume wengine.”

“Ndaga,” nikashukuru.

Jioni wazee wenzangu wakaja kuuliza hali. Nikawaambia mashine kubwa ya umeme imeuona ugonjwa. Shati sikulitaja, wala mkono.

“Kumbe ndani una nyama,” mmoja akanitania. “Sisi tulijua chuma kitupu.”

Wakacheka. Mkamwana alikuwa jikoni, maneno yote anayasikia. Ukweli aliujua. Afadhali naye angecheka.