Kona ya Ngome ya Biharamulo

Sikuhadithiwa haya. Nilikuwapo, na jiwe lilikuwa kichwani pangu mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa vita vya Kagera. Mvua zilikuwa zimeiharibu barabara ya Runazi, malori ya jeshi yanazama hadi ekseli. Sisi wanamgambo tukaamriwa kubomoa upande uliochakaa wa ngome ya Wajerumani pale Biharamulo, mawe yake yakafukie mashimo.

Alasiri, katika ukungu, sote tukishuka na mawe, nikakutana na mzee anapanda na jiwe lake. Amevaa nguo ya gome la mti, kama watu wa kale. Kwetu Ntobeye, kule Ngara, kijana hapishani na mzee aliyebeba mzigo. Unampokea kwanza, habari baadaye.

"Shikamoo babu. Lete."

"Marahaba. Utaliweza? Shingo yenyewe kama ya kuku!"

Nikalitua langu, nikalibeba lake. Niamini, sijawahi kubeba kitu kizito vile, wala baridi vile.

"Ngome hii ya nani?" akaniuliza.

"Ya Wajerumani, babu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mjerumani alibeba nini hapa? Kiboko! Mawe tulibeba sisi, kutoka mtoni. Mwenzangu alianguka na lake, akazikwa palepale, kwenye kona ile. Chukueni kwingine kote. Kona ile mniachie."

Nilipogeuka nimjibu, hakuwapo. Jiwe nalo? Kichwani ilibaki ngata tu, imelowa, imejaa mchanga wa mto. Na mimi ngata sikuwa nayo.

Utasema niliota. Mchana, nimesimama?

Nikaenda kusimama kwenye kona. Kamanda wetu, Msubi wa hapohapo, akaja na nyundo.

"Toka, we Mhangaza! Huu ni wakati wa vita, nitakuweka ndani."

"Niweke, afande. Lakini chini hapa kuna mtu."

Nikamweleza yote. Akaichukua ile ngata, akaigeuzageuza, akavua kofia.

"Babu yangu alipelekwa kubeba mawe hapa," akasema polepole. "Hakurudi." Kisha akawapigia wengine kelele: "Kona hii haiguswi! Pigeni kule!"

Malori yakapita, vita tukashinda, na kona imesimama hadi leo.

Ila mimi sijatulia tena. Nimezunguka miji mingi, na kila penye boma la Mjerumani nawauliza wazee ni nani waliobeba mawe. Utosini, lilipokaa lile jiwe, nywele hazijaota. Sifichi. Najivunia upara huo kuliko nishani.

Nawe ukifika Biharamulo, usithubutu kusema mbele ya kona ile kwamba Mjerumani ndiye aliyejenga. Wenyewe wapo, na wanasikia.