Nilikwama Kwenye Bonde

Kama umekuja kutafuta kisa cha jini mwenye kwato, au mwanamke mrembo anayegeuka paka, utanisamehe. Changu hakina kwato. Kilinikuta mimi mwenyewe, mlangoni pangu hapa Kisegi, jua halijazama, nikiwa na akili zangu timamu na sina hata homa. Mchungaji wetu nilipomsimulia aliniambia ni uchovu. Uchovu gani huo unaoacha matope kwenye kizingiti? Nimechoka kubembeleza watu waniamini. Sikiliza, kisha uamini unachotaka.

Mume wangu anaitwa Otieno. Wakati huo alikuwa akichimba dhahabu kule Masara, upande wa Migori, na alikuja nyumbani mara moja moja. Mwenzake wa shimo alikuwa Mkuria mmoja aitwaye Mwita, mtu mpole, wa kucheka bila kutoa sauti. Mwita alishalala kwetu, akala samaki wangu, akaniita shemeji. Kwa hiyo ninapokuambia nilimwona Mwita, elewa kwamba sikumfananisha na mtu mwingine.

Sasa nikuambie habari za Biblia yetu, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Sisi wa kando ya ziwa tuna nyawawa. Ni pepo wanaopita na upepo wa jioni kutoka ziwani, wakisema maneno yasiyoshikika, na watu hutoka nje na kupiga sufuria na mabati mpaka wapite. Mimi na Otieno tulijiona tumeokoka na mambo hayo. Tulichukua Biblia tuliyopewa siku ya harusi, tukaifungua kwenye Zaburi ya tisini na moja, tukaiweka dirishani ikitazama ziwa. Ikakaa hapo miaka. Majirani wakipiga sufuria, sisi tulikuwa ndani tunawacheka kwa ushamba wao. Hebu niambie, tulikuwa tumewazidi nini? Wao angalau sufuria zao walizipikia.

Usidhani sikuwa mtu wa kanisa. Nilikuwa shemasi. Vitambaa vya Meza ya Bwana nilivifua na kuvipiga pasi mimi. Nilijua saa ya Sabato kuingia, nilijua nini kipikwe Ijumaa na nini kisiguswe Jumamosi, na mwanamke aliyekosea nilimwonyesha kosa lake mbele ya wenzake. Lesoni, lile somo la Biblia la wiki nzima, niliisoma Sabato asubuhi nikitafuta viatu. Ndivyo tulivyokuwa wengi wetu, na hakuna aliyeuliza. Mradi sare ilikuwa safi.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimemaliza kazi zote. Chakula cha Sabato kilikuwa kimeiva, nyumba imefagiliwa. Nilikuwa peke yangu. Binti yetu Akinyi alikuwa shule ya bweni, na alikuwa ameenda na ile Biblia yangu ya kubeba kanisani. Simu nilikuwa nimeiacha kwa kinyozi sokoni ichajiwe, maana stima ilikuwa imepotea kwetu. Nikatoka mlangoni kumwaga maji, na Mwita alikuwa amesimama hapo.

Sikusikia hatua. Mbwa wetu, anayebwekea hata mtoto wa jirani, alikuwa amelala na hakuinua kichwa. Mwita alikuwa amejaa vumbi la kijivu kuanzia nywele hadi miguuni, na tochi ya kichwani ilikuwa inawaka mchana mweupe. Nilidhani wamepata gari la mapema na hawakuoga. Nikafurahi, nikaangalia nyuma yake kumtafuta mume wangu.

"Karibu, Mwita. Otieno uko naye wapi?"

"Shemeji, sikai. Niko na haraka. Bwana yako amenituma."

"Amekutuma nini?"

"Neno. Anataka neno ya Mungu. Huko kuko giza na anaogopa sana. Ameniuliza mimi, mimi sina. Nikamwambia wacha niulize shemeji, yeye ni mtu wa kanisa."

Nilicheka, bwana. Nilidhani wamelewa, mmoja amejificha nyuma ya choo. Nikamwambia Otieno aje mwenyewe, nitamsomea hata kitabu kizima. Mwita hakucheka.

"Hawezi kuja. Na kitabu siwezi kubeba. Nipe ile iko kwa kichwa yako, nimpelekee."

Hapo ndipo nilipoona mikono yake. Kucha zilikuwa zimevunjika zote, kama za mtu aliyekwangua mwamba. Kicheko kikanikauka. Sikuelewa bado, naapa sikuelewa.

Nikaanza kutafuta. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kiitikio cha kwaya. Nikamwimbia mstari. Akatikisa kichwa, akasema huo Otieno anaujua, ameuimba mpaka sauti imeisha. Nikamwambia yale maneno ya kujisaidia ili Mungu naye akusaidie, yale ambayo kila mwanasiasa akija kanisani lazima ayaseme. Unafikiri Mwita alisema nini?

"Hiyo si ya Mungu, shemeji. Hiyo ni ya harambee."

Mkuria ambaye sikuwahi kumwona kanisani hata siku moja, ananisahihisha mimi shemasi! Nikaona aibu, na aibu ikanipa hasira. Nikamwambia basi shika hii, nikaanza Zaburi ya mchungaji. Ile ambayo kila mtoto anaijua. Nikaenda vizuri tu. Nikapita majani mabichi, nikapita maji, nikafika pale kwenye bonde lenye giza, nikakwama.

Niamini. Nilikwama hapo hapo. Kanisani huwa tunaisema wote pamoja, na sauti za wengine hukubeba, unafungua tu mdomo. Nilikuwa sijawahi kuisema peke yangu mpaka mwisho katika maisha yangu yote. Nikarudia kutoka mwanzo, mbio mbio, nikafika bondeni tena, na mbele yangu hapakuwa na kitu.

"Kwa hiyo bonde kuko nini, shemeji?" Mwita akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, kama mgonjwa anayeomba maji. "Yeye yuko hapo sasa. Niambie kuko nini, nimwambie."

Nikakimbilia dirishani. Nikaichukua ile Biblia, mlinzi wetu wa miaka yote. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa umechomwa na jua mpaka herufi zimefifia, umejaa mavi ya nzi, na hakuna neno ungeweza kusoma. Kurasa nyingine zilikuwa zimeloa kila masika na kukauka, zimeshikana zote. Nikalazimisha kuzifungua kwa kucha. Zikachanika. Nilisimama nyumbani kwangu nikichana Neno la Mungu vipande vipande, nikitafuta mstari mmoja ambao nilipaswa kuwa nao kichwani tangu utotoni.

Wakati huo upepo ukaanza kutoka ziwani, na majirani wakaanza sufuria. Ngang'a ngang'a kila boma. Mwita akageuza kichwa upande wa kelele.

"Hao wananifukuza mimi?" akauliza.

Niliendelea kuchana kurasa. Akanitazama mara ya mwisho, bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Angenitukana ningepona. "Basi nitampelekea ile umesema," akasema. Nikainama kuokota karatasi zilizoanguka, nilipoinuka hakukuwa na mtu. Nikatoka mbio hadi barabarani. Jirani yangu Nyar Gwassi alikuwa amesimama kwenye lango lake na sufuria mkononi.

"Mama Akinyi, yawa, unaongea na nani muda huu wote?"

"Mwita amepita wapi?"

"Mwita gani? Hakuna mtu amepita hapa."

Nikamvuta mkono, nikamwonyesha kizingiti. Palikuwa na nyayo mbili za matope mekundu, na kwetu hapa udongo ni mweusi. Alizitazama, akaiweka sufuria chini polepole, akaenda kwake bila kuniaga.

Nikakimbilia sokoni nimpigie Otieno. Nilipofika kwa kinyozi, simu ilikuwa ikiita. Shimo lilikuwa limeporomoka mchana ule, na Mwita na Otieno walikuwa chini. Nilisafiri usiku huo huo kwenda Masara. Nilikaa juu ya lile shimo na wanawake wengine, na kuimba sikuweza. Jumapili wakawafikia. Mwita alikuwa amekufa, jiwe limemkandamiza kifua, na wachimbaji walisema huyo alikufa papo hapo mwamba ulipoanguka. Otieno alikuwa mzima, amekaa pembeni yake gizani, na tochi ya Mwita ilikuwa imezimika zamani.

Watu walishangilia. Mchungaji alikuja akatoa ushuhuda kwa niaba yetu, akasema Zaburi ya dirishani ndiyo iliyomlinda. Nilimtazama Otieno. Alikuwa akinitazama mimi.

Hakuniambia chochote mpaka tulipofika nyumbani na wageni wakaondoka. Sikumsimulia yaliyotokea mlangoni, naomba ulielewe hilo. Ndiye aliyeanza.

"Mwita alirudi," akasema. "Nilikuwa nimeshika mkono yake, imekuwa baridi, na bado akaongea. Akasema ametoka kwako. Akasema ile Zaburi, polepole, na mimi nikaanza kupumua. Akafika kwa bonde, akanyamaza. Nikamwambia endelea. Akasema, hiyo tu ndiyo shemeji alikuwa nayo."

"Otieno..."

"Nilingoja, Mama Akinyi. Nilingoja mpaka nikaelewa. Huko kwa bonde hakuna mtu."

Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Halewi, hanipigi, analima, anakula. Lakini jioni ikiingia huwasha kila taa ya nyumba na kukaa akiangalia ukuta, na ukimwambia habari ya Mungu anakutazama kama mtu anayetazama mtoto. Mimi nilirudisha sare ya ushemasi. Sasa nasoma kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, na ile Zaburi naijua mbele na nyuma. Nimejaribu kumsomea. Hunisikiliza kwa adabu mpaka nikaribie bonde, kisha husimama, huchukua jembe lake na kutoka. Hajawahi kunisikia nikimaliza: kwa maana Wewe upo pamoja nami.

Kwa hiyo wewe mwenye Biblia dirishani, wewe uliyeiweka chini ya mto wa mtoto mchanga, wewe unayeibeba kwapani kila wiki na zipu haijafunguliwa, usinijie na habari ya pepo na ulinzi. Tulia sasa hivi hapo ulipo, useme mstari mmoja peke yako mpaka mwisho, bila kwaya na bila mtu wa kukuongoza. Ukikwama, kafungue usome leo hii, kukiwa bado na mwanga. Anaweza kuja mtu mlangoni pako kuuliza. Na hatakuwa anaulizia nafsi yake, atakuwa ametumwa na mtu unayempenda.