Doa Linalong'aa Kwenye Tangi

Harufu ya diluan, ile dawa ya kuzimulia rangi, hunirudisha uani kwetu Panda, mtaa wa Likasi, hata niwe wapi. Wengine huwauma kichwa. Mimi hunitia wivu, wivu uleule wa zamani, kana kwamba sijakua.

Baba alikuwa mpaka rangi. Zamani alipaka mashine za kampuni. Kazi ilipokwisha akahamia kwenye pikipiki, chini ya bati lililoegemea jiko letu. Mimi, Roza, binti yake wa pekee, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kumwagia ua maji ili vumbi lilale kabla hajaanza kupuliza, na niliifanya kama mtu anayesubiri kupandishwa cheo. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja pistole yake ya kupulizia rangi ingekuwa mkononi mwangu.

Kisha akaja Adele kutoka Kapolowe; mimi nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa binti wa marehemu kaka yake baba, miaka kumi na sita, mrefu, mtu wa maneno machache. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na mihogo mikavu ya kutusalimia. Miezi mitatu haikuisha, pistole ikawa mkononi mwake.

"Mukono yake haitetemeke," baba alimwambia mama tukila. "Huyu mutoto iko fundi."

Nilisukuma kando bukari yangu, ule ugali wetu.

Mwaka ule vijana wa Likasi walianza kutaka pikipiki zisizong'aa, nyeusi kavu kama mkaa. Verni ya namna hiyo, ule mpako wa mwisho juu ya rangi, ina taabu yake. Ile ya kung'aa, vumbi likinasa, unaisugua na kuipiga polishi mpaka kosa linapotea. Hii nyingine haitaki kusuguliwa: ukiisugua inaanza kung'aa palepale, na hapo hakuna la kufanya ila kupuliza upya. Baba alimrudilia Adele maneno hayo kila siku, nami nikiyasikia nikiwa na ndoo yangu.

Fundi umeme mmoja wa Shituru akaleta pikipiki yake. Jumamosi alikuwa anaoa, na alitaka kuongoza msafara wa harusi akiwa juu yake. Baba akasema tangi atalipuliza Adele peke yake.

Adele alikoroga verni mpaka chini kabisa ya kopo, ambako unga unaoua mng'ao hupenda kulala. Akapuliza mara ya kwanza, nyepesi, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Akangoja umajimaji uondoke, akarudia. Lilipokauka, jua la saa saba liliangukia tangi lile na mwanga wake haukurudi. Majirani waliingia kulitazama. Baba alicheka peke yake, kicheko ambacho mimi sikuwahi kumletea.

Kesho yake baba alienda sokoni, Adele akaenda bombani kufua. Nilichukua kitambaa nilichotumia kupakia sakafu nta, nikasugua ubavu wa tangi. Sikusugua sana. Likatokea doa la upana wa kiganja, linang'aa kama paji la uso lenye jasho. Nilifurahi kwa muda wa pumzi tatu hivi. Halafu nikakimbia kuficha kitambaa.

Baba aliporudi aliinama, akanusa lile doa. Hakupaza sauti.

"Nani alishika hapa?"

Alikuwa akiniangalia mimi. Niliinama kuokota ndoo yangu.

"Ni minye, papa," Adele akasema nyuma yangu, beseni la nguo bado kichwani. "Niliona vumbi, nikapanguza."

Baba hakuondoa macho kwangu. Mwishowe akamwambia Adele, "Basi, utapiga msasa, utaanza tena."

Adele alipiga msasa tangi zima na kulipuliza upya siku ya Ijumaa. Bwana harusi alikuja, akafurahi, akaondoka bila kujua kitu. Mimi nilimwaga maji uani huku nikimchukia Adele kuliko jana, kwa sababu alikuwa ameniokoa.

Nilimwambia ukweli miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nimeolewa, tukichambua sombe, majani ya muhogo, nyumbani kwake. Nilitazamia ashangae.

"Nilikuona," akasema. "Nilirudi kuchukua sabuni. Na papa alijua, ile nta ilikuwa inanuka. Alikuwa anangoja weye useme."

"Sasa juu ya nini ulisema ni weye?"

Aliendelea kuchambua majani yake.

"Weye wangekupiga kidogo, magharibi ungekula, ungelala kwenu. Lakini minye, kama ungepigwa juu yangu, mama yako angesema tangu huyu mutoto afike, kwa nyumba haiko amani. Na kule Kapolowe hakukuwa tena muntu wa kunipokea."

Nilivuta fungu jingine la sombe. Miaka yote ile nilimhesabu Adele kuwa mtu aliyeninyang'anya baba. Sikujua kwamba yeye alikuwa mgeni aliyeogopa kila kosa, hata lisilo lake. Mimi nilikosea kwa makusudi, na jioni ile chakula kilipoiva, mama aliniita kula kama kawaida. Nilienda, nikala, nikaona ni haki yangu.