Nilijibu Makofi ya Mume Wangu Aliyepotea Porini

Habari admin. Naomba unifichie jina, maana mawifi zangu wote wamo humu kwenye ukurasa, na wanasoma kuliko wanavyolima.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, naishi Kizwite hapa Sumbawanga, nina binti mmoja. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye loji ya watalii huko chini bondeni, porini kabisa, kazi yake kuwatembeza wageni kwa miguu waone wanyama. Mwaka jana kiangazi alitoka mchana kwenda kukagua njia ambayo wageni wangepita kesho yake. Hakurudi. Wenzake walimtafuta, askari wa wanyamapori wakamtafuta, hawakuona hata kiatu. Tangu hapo mimi si mjane na si mke wa mtu. Nikicheka naulizwa nacheka nini, nikilia naambiwa namchuria.

Kuna kitu lazima niwaeleze wasio Wafipa. Kwetu salamu ya heshima ni kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, na anayesalimiwa anajibu kwa makofi. Vijana wa mjini wengi wameacha, kwao ni mambo, poa, imeisha. Mume wangu hakuacha. Akifika nyumbani hapigi hodi, anapiga makofi mlango wa nyuma: mawili ya polepole, ananyamaza, kisha moja jepesi kama anakutania. Hata mikono yangu iwe na unga, lazima nijibu. Nisipojibu haingii. Nilimwona ana visa, lakini nilimpenda hivyo hivyo.

Baada ya mavuno meneja wa loji alinialika nikakae siku mbili, nione mahali mume wangu alipokuwa. Wakati huo ndugu zake walishaanza kusema tuzike nguo zake ili msiba uishe, nami nikataka kwanza nikapaone. Nikapewa hema la wageni. Jamani, hema lina kitanda cha kifalme na bafu kubwa kuliko sebule yangu! Nilikaa pale kibarazani nikaliangalia lile pori: majani makavu, miti ya miiba, viboko wanaguna mtoni. Sikuona kitu cha kutisha, na hilo ndilo lililoniumiza. Limemchukua mtu wangu na halina hata habari.

Alfajiri, mwanga ndio unaanza, nikasikia makofi nje ya hema. Mawili polepole, kimya, moja jepesi. Haki ya Mungu sikuwaza chochote. Nilishuka kitandani, nikachuchumaa kwenye zulia, nikajibu. Mikono ilijibu kabla sijakumbuka kwamba huyu mtu amepotea. Nikafungua zipu ya hema haraka haraka. Hakukuwa na mtu. Vumbi la mlangoni lilikuwa na alama za ufagio wa jana tu.

Punde akaja mhudumu na chai, kaka mmoja aliyefanya kazi na mume wangu miaka mingi. Nikamuuliza kama ndiye aliyepiga makofi. Akaweka sinia chini.

"Shemeji, umeitikia?"

"Nimeitikia. Kwani kuna nini?"

"Hema halina mlango wa kugonga. Mumeo ndiye aliyetufundisha kuamsha wageni kwa makofi, wote tukazoea. Alipopotea tukaacha, siku hizi tunapiga hodi tu. Lakini makofi bado yanapigwa. Sisi tukisikia, tunanyamaza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, shemeji?"

Akaondoka bila kunimiminia chai.

Nimerudi Kizwite na makofi yamenifuata. Si kila siku, lakini yakija ni alfajiri, mlango wa nyuma. Wanajumuiya wameniombea, padri amekuja kubariki nyumba, kwa hiyo mtu asiniandikie habari za maombi, wala za waganga sitaki kuzisikia. Nikijibu na kufungua, nakuta uwanja mtupu na ukungu. Nikinyamaza, najiona mke mwenye jeuri aliyemwacha mumewe nje. Nimekonda, nguo zote zinanivuka.

Juzi mama mkwe alikuja kulala kwangu tupange hayo mazishi ya nguo. Yeye ndiye anayeyasukuma kuliko wote, na mimi moyoni nilishamchukia kwa hilo. Anataka nitoe sweta la bluu. Mume wangu aliliacha nyumbani kwa sababu kule bondeni ni joto, na sijalifua mpaka leo, bado lina harufu yake. Nilimjibu nitafikiri, tukaenda kulala.

Alfajiri makofi yakaja. Nikang'ata blanketi ili nisijibu. Mara nikasikia yanajibiwa, humo humo ndani ya nyumba! Nikatoka chumbani mbio. Mama mkwe alikuwa jikoni, amechuchumaa mbele ya mlango wa nyuma kama anamsalimia mkubwa wake, anapiga makofi na machozi yanamtoka.

"Mama, na wewe unamsikia?"

"Tangu mwaka jana, mwanangu. Kwangu anakuja pia."

"Sasa tunamzikaje mtu anayetusalimia?"

Akajishika magoti akainuka. "Nimechoka kumfungulia na kutomkuta."

Mazishi ni Jumamosi. Mama anasema sweta likishafukiwa, makofi yatakoma na sote tutapumzika. Nami naogopa yasipokoma, na naogopa zaidi yakikoma. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliowahi kumngoja mtu, niambieni: nilitoe hili sweta au nilifiche? Maana siku akipanda huku juu atakuja na fulana ya bondeni, na huku kwetu ni baridi.