Mama Mchungaji wa Zamani

Kwa miaka mingi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mchungaji, basi. Hata muuza mboga alimwongezea fungu kwa ajili ya cheo hicho. Mumewe alipofariki, kanisa lilileta mchungaji mwingine, kijana, naye akaja na mkewe. Jumapili ya kwanza mtu aliita "Mama Mchungaji" pale mlangoni, wakageuka wawili. Watu wakacheka, naye akacheka pia, lakini alipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu mguuni, akijiuliza yeye ni nani sasa.

Nyumba ilikuwa ya kanisa, kwa hiyo akahamia kwa mdogo wake, msusi mwenye saluni ndogo. Kukaa bure hakukuwa katika damu yake. Alianza kwa kufagia nywele. Siku moja muoshaji hakufika, mdogo wake akamwomba ashike zamu kwenye sinki.

Mteja akishalaza kichwa na kufumba macho, maji ya uvuguvugu yakishuka, ulimi humlegea. Mmoja alimweleza habari za mimba iliyoharibika, ambayo hata mama yake mzazi hakuijua. Mwingine alilia tu. Naye hakuhubiri. Alisugua polepole nyuma ya masikio, akasikiliza, na aliporuhusiwa aliomba kwa sauti ya chini, mikono ingali na povu. Baada ya muda akagundua kwamba anaamka na hamu ya kwenda kazini. Siku zote alidhani wito ni wa mumewe, yeye ni wa kumbebea mkoba. Kumbe Mungu alikuwa na neno naye mwenyewe.

Mdogo wake alinung'unika kwamba foleni haisogei.

"Dada, unaosha nywele au unaosha roho?"

Alimjibu kwamba anaosha chochote kinachomfikia.

Kisha akaja mke wa mchungaji mpya. Alilaza kichwa kwenye sinki, halafu akasema bila kufumbua macho, "Mama, wanataka niwe kama wewe. Kuimba siwezi, kusimama mbele za watu siwezi. Najiona kama nimeazima nguo ya mtu."

Mjane akafunga bomba.

"Hata mimi haikunikaa, mwanangu. Nilijikaza tu. Mungu hakuniita niwe mke wa fulani. Aliniita mimi, na wewe anakuita wewe. Unapenda kufanya nini?"

Yule binti hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Akasimulia kwamba dada yake alizaliwa hasikii, na kwamba yeye mwenyewe anaijua lugha ya ishara tangu utotoni. Kanisani ameona viziwi kadhaa wakikaa nyuma, wakihangaika kusoma midomo ya mumewe, lakini aliogopa kuacha kiti chake cha heshima.

"Kiache," mjane alisema.

Jumapili iliyofuata binti alikuwa nyuma na wale viziwi, akiwatafsiria mahubiri kwa mikono, akikosea hapa na pale, na wao wakimrekebisha huku wakicheka. Mjane aliwatazama kwa furaha hata akapitwa na nusu ya mahubiri. Kesho yake alifunga aproni, akapima maji kwa kiganja, akamkaribisha mteja wa kwanza.