Siku Tuliyotuliza Tela la Baba Mkwe

Namshukuru Mungu Baba kwa uzima, kwa mvua aliyotupa mwaka huu, na kwa kuniacha na akili zangu hadi umri huu ambao wenzangu wengi hawakuufikia. Yeye alitutunza tulipokuwa vijana tusiojua kitu, na hajachoka nasi. Sifa ni zake kwanza, ndipo nikusimulie, mwanangu.

Nakumbuka siku moja nesi wa zahanati yetu aliinua shuka la baba mkwe wangu, akanyamaza. Alikuwa binti wa Mbeya, ameletwa na serikali huku kwetu upande wa Manchira, na alikuwa na maneno kama redio. Nikiwa nyuma ya pazia nilisubiri aseme kitu. Kisha nikamsikia akiuliza polepole, "Mzee wangu, mgongo huu umeulalia tangu lini bila kugeuka?"

Ngoja nikueleze kwanza ilivyokuwa.

Mume wangu Marwa alikuwa dereva wa watu waliokuja kujenga barabara. Kazi ilipokwisha, walimwachia kwa shukrani tela moja kuukuu ambalo mafundi walikuwa wakilala ndani yake. Halikuwa la kuburutwa kwa ndoano nyuma ya gari. Lilikuwa la aina ile ambayo sehemu yake ya mbele hupanda mgongoni mwa gari na kushikwa na pini nene ya chuma. Gari likishaondoka, mbele kote hubaki kumesimama juu ya miguu miwili myembamba, na nyuma kuna magurudumu, mawili kila upande, moja likifuata jingine. Ndani mlikuwa na vyumba viwili: kimoja cha juu, mbele, unakipanda kwa vingazi, na kimoja cha chini, nyuma, pazia likivitenga. Mimi na Marwa tulikuwa tumeoana karibuni. Tukalala humo tukingoja kujenga.

Mvua za mwaka ule zikaangusha nyumba ya baba mkwe, Mzee Nyamhanga. Ukuta ulimvunja paja. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Mzee alipotoka hospitali ya Mugumu akiwa na amri ya kulala hadi mfupa ushike, hapakuwa na mahali pakavu pa kumlaza isipokuwa kile chumba cha chini cha tela letu.

Na hapo ndipo palikuwa na ugumu. Kwetu Wakurya, mwanamke na baba wa mume wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Simpi mkono. Hakanyagi ninapolala. Hatulali chini ya paa moja. Tukiwa na la kuambiana, tunalipitisha kwa mtu mwingine, hata kama sote tuko pale pale na tunasikiana. Usicheke, mwanangu. Nilisoma chuo cha Biblia nikiwa msichana, na sikuona mahali ambapo heshima hiyo ilimkosea Mungu.

Wazee wa ukoo waliitwa. Aliyesema neno alikuwa Mzee Mwita, rika moja na baba mkwe. Alilizunguka tela lote, akapiga tairi teke.

"Hiki kina magurudumu," alisema. "Chenye magurudumu ni gari, si nyumba. Mtu na mke wa mwanawe hupanda basi moja kwenda Musoma, na sijasikia hata mmoja aliyetozwa mbuzi kwa ajili hiyo. Mradi moto wa kupikia uwe nje, maana penye meko ndipo nyumba."

Watu wakacheka, wakakubali, mzee akaingizwa. Marwa alimfungia kamba nene darini ili aishike anapotaka kujigeuza. Nami nikapewa kazi ya kupika uji na kufua, na mume wangu kazi ya kumwogesha, ila mzee hakumkubalia aguse mgongo.

Lakini lile tela lilikuwa halitulii. Ukishuka kingazi kimoja, linayumba lote. Ukichota maji kwenye ndoo, kikombe kilicho chumba cha pili kinagonga sahani. Ukigeuka kitandani, mwenzako wa upande ule anajua umegeuka. Nilipoona kwamba kila hatua yangu inamfanya mzee agune kwa maumivu ya paja, niliacha kutembea. Nilivua viatu. Nilikaa juu ya kitanda kama kuku anayeatamia, nikisubiri Marwa arudi kutoka shambani ndipo nishuke. Nilidhani namsaidia.

Sasa rudi na mimi siku ile ya nesi. Baba mkwe akasema, "Binti, gari hili linasema."

"Linasema nini tena, babu?"

"Kila kitu. Nikivuta kamba nigeuke, linatikisika mpaka kule juu. Nikienda haja, linatikisika. Huko juu kuna mke wa mwanangu. Anajua hata nikipumua. Basi nimeona nitulie."

"Umetulia mpaka umeoza," nesi akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Babu yangu, kidonda hiki kikiingia mfupani, sitakuwa na dawa yake hapa. Ugeuke. Kila mara ugeuke. Kwani mkweo atakufanya nini?"

"Wewe ni wa Mbeya," alimjibu kwa upole. "Huwezi kujua."

Mwanangu, nililia nyuma ya pazia lile. Mzee alikuwa amelala kama gogo kwa ajili ya heshima yangu, nami nilikuwa nimekaa kama gogo kwa ajili ya maumivu yake. Kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa kuganda. Na wote wawili tulikuwa tukimuua mmoja wetu.

Marwa aliporudi nilimweleza. Hakula. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani kuazima jeki kubwa ya lori.

"Nayatoa magurudumu," aliniambia. "Nalikalisha juu ya mawe kama nyumba za watu. Litatulia."

Alikuwa ameshainua pembe moja, tairi likining'inia hewani, Mzee Mwita alipotokea na fimbo yake. Alikuja kumjulia hali mwenzake. Akasimama akilitazama lile tairi.

"Shikamoo, mzee," alisema Marwa bila kuacha kupiga jeki.

"Marahaba. Gurudumu hilo halijagusa ardhi."

"Nayatoa yote."

"Ukiyatoa, hiki kitakuwa nini?"

Marwa akatupa spana chini. "Mzee, baba anaoza mgongo! Tutakaa tukihesabu magurudumu? Mimi na mke wangu tumeokoka. Mambo haya tumeyaacha."

Nilijua atachapwa kwa maneno. Lakini Mzee Mwita alikaa chini kwenye nyasi, taratibu, kwa sababu ya magoti yake, na alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umeokoka wewe, mwanangu, na Mungu akushike huko huko. Anayelala humo ndani ni baba yako. Mimi sikusema habari ya magurudumu kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya ukoo. Nilimtafutia yeye mlango wa kuingilia, kwa sababu namjua. Ukiufunga, mtampa dawa na hatainywa. Utauponya mgongo, na mwenyewe utakuwa umemvunja."

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Sauti ya baba mkwe ikatoka humo: "Mwita, waambie nasikia. Magurudumu yakitoka, nibebeni mniweke zizini na ng'ombe. Sitawalaumu."

Marwa alikaa juu ya tairi la akiba akafunika uso kwa mikono yake. Nilitamani kumshika bega, lakini wazee walikuwapo. Alikuwa kijana mwema, mume wangu. Kosa lake lilikuwa kwamba alimpenda baba yake kwa haraka.

Mzee Mwita akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mifugo, "Kwani linatikisika wapi?"

"Lote."

"Hakuna kitu kinachotikisika chote. Shusha jeki hiyo. Mwambie mke wako apande atembee humo ndani, wewe lala chini utazame."

Nilipanda nikatembea, na kwa mara ya kwanza tangu mzee alazwe humo nilikanyaga kwa unyayo mzima. Marwa alikuwa amelala chini ya tela. Nilimsikia akishangaa. "Kumbe magurudumu yanabingirika! Kidogo tu, mbele na nyuma, mbele na nyuma."

Walichonga kabari mbili za mti mgumu, kila upande wakagongomea moja katikati ya tairi la mbele na la nyuma, mpaka zikabana kabisa. Nikatembea tena.

"Waambie," alisema baba mkwe kutoka kitandani, "sasa haliendi mbele na nyuma. Linakwenda pembeni."

Hatukujua kwamba anatupimia. Marwa alicheka, cheko la kwanza siku hiyo. "Baba, wewe ndiye fundi! Pembeni wapi?"

"Kule mbele. Kama mlevi anayesimama kwa mguu mmoja."

Wakaenda mbele. Ile miguu miwili myembamba ilikuwa imezama kwenye udongo mweusi, mmoja kuliko mwenzake, kwa sababu ya mvua. Nami nilipajua pale, maana nilipafagia kila siku. Nikashuka nikamnong'oneza Marwa kwamba mahali penyewe panaponitisha si kwenye miguu, ni katikati, chini ya kitanda chetu, pale ambapo gari lingekuwa limebeba. Mahali pale palikuwa wazi. Marwa akanitazama, akalitazama tumbo la tela, akasema, "Ni kweli. Ile pini haina kinachoishika."

Basi wakainyoosha ile miguu, wakaikalisha juu ya mbao pana zisizozama. Chini ya pini wakasimamisha magogo matatu yaliyofungwa pamoja kwa boliti, yamepanuka chini kama kigoda, yakaikumbatia. Nyuma wakaweka jeki ndogo za kuazima, moja kila pembe, juu ya mbao pia. Hapo Marwa alitaka kupandisha, Mzee Mwita akamzuia kwa fimbo.

"Iguse tu. Usiinue. Uzito ubaki kwa magurudumu, hizi ziwe za kushikilia."

Kisha mzee yule, pamoja na magoti yake, alilizunguka tela lote akipitisha kiganja chini ya kila tairi. Kila mahali kiganja kiligonga mahali mpira ulipokandamiza udongo.

"Linagusa. Linagusa. Na hili linagusa." Akainuka akijifuta mikono. "Ni gari."

Nilipanda tena nikatembea. Nilishuka vingazi, nikavipanda. Kikombe hakikugonga sahani.

"Baba?" Marwa aliita.

"Mwambieni aruke."

"Nani, baba?"

"Huyo mama huko juu. Aruke. Namsikia Jumapili anavyorukaruka na kwaya, asijidai leo hawezi."

Ee Mungu wangu! Mzee Mwita aligeuka akatazama mlima ili asione. Nami, mke kijana, nikiwa na haya hadi masikioni, nikaruka mara moja. Nikaruka tena kwa nguvu. Nikajikuta nacheka peke yangu humo juu, na Marwa anacheka chini, na Mzee Mwita anakohoa ili asicheke.

"Baba, vipi?" Marwa aliuliza. "Umesikia mtikisiko?"

Jibu lilikuja, lakini lilikuja kwa sauti ya chini, iliyofifia, kama ya mtu anayezungumza na ukuta.

"Ninyi je, mmesikia?"

Marwa akachungulia dirishani. Alikuwa amegeuka. Alikuwa ameshika kamba, amejivuta kwa maumivu yote yale, amelala ubavu akiuelekea ukuta, mgongo wake ukipata hewa. Alifanya hayo tukiwa tumetega masikio wote, na hakuna aliyejua.

Kidonda kilichukua muda kupona. Nesi alikuja akakisafisha, akaimba, akatutania, maneno yake yakarudi. Mfupa ulishika. Kiangazi kilipofika Marwa alimjengea baba yake nyumba yake, akahamia akitembea na fimbo, akaishi miaka mingi akigombana na kila mtu kuhusu ng'ombe. Mimi na yeye hatukuwahi kupeana mkono. Lakini alipokuwa anakaribia kuondoka duniani, alimtuma Marwa aniambie kwamba nilimtunza vizuri. Nililipokea neno hilo kupitia kwa mume wangu, kama inavyostahili, ingawa nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimsikia mwenyewe.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Utaishi na watu ndani ya mahali padogo: na mzazi mgonjwa, na mkwe, na mwenzi wako, na mwenye chumba cha pili. Ukiona mtu unayeishi naye ameacha kusogea, ameacha kuomba, haombi hata maji, usifurahi kwamba hana usumbufu. Muulize anachokificha. Huenda anaumia ili wewe usisumbuke. Na wewe ukijikuta umeganda kwa kumhurumia mwingine, simama, sema naye, hata kama ni kupitia kwa mtu.

Na unapokwenda kurekebisha, usianze kwa kung'oa. Tazama kwanza kinachocheza ni kipi, ukishike hicho. Muulize yule anayelala ndani, kwa maana yeye ndiye anayejua. Heshima ya mzee wako, hata kama kwako wewe haina maana tena, ni sehemu ya mwili wake. Itibu pamoja na mgongo.

Ewe unayesoma haya, Bwana akupe wazee wa kuwatunza na subira ya kuwasikiliza. Akupe mkono mwepesi juu ya kidonda na neno laini mbele ya haya ya mtu. Na siku yako ya kulala kitandani itakapofika, akupe watu watakaokuuliza unaumwa wapi na kungoja hadi ujibu. Amina.