Mama anataka nibafungie barabara

Bandugu, munisaidie! Mji wangu unakufa na mi ndjo mukubwa wake!

Leo hapa Baraka nilikuwa nacheza ule muchezo wa kujenga mji kwa telefone. Nikapanga nyumba na mausine, ndjo viwanda bya kazi, kila kitu sawa.

Mama akachungulia. «Nyumba zimebanana hivi, bamama batayanika mihogo wapi?»

Kweli! Nikabomoa mausine, nikapatia kila nyumba lupango kubwa, kiwanja ya kuyanikia. Mama akafurahi sana.

Kumbe nimebaua bantu ba mji. Kazi ikakosekana.
Nikarudisha usine moja karibu na nyumba, moshi ukabaletea magonjwa.
Nikaisogeza mbali, hakuna mwenye anafika ku kazi.

Bantu bakaanza kuhama, gari nyuma ya gari.

Mama akauliza polepole: «Hata ndani ya telefone, bote banaenda Misisi?»

Kaka yangu alienda Misisi kuchimba zahabu, na tangu pale hapigi hata simu.

«Bafungie barabara,» Mama akasema.
Nikafunga. Bakapita tu kwa miguu.

Nani anajua huu muchezo? Mama amekamata telefone yangu, iko naniuliza ni kifungo gani banafinyaka ili muntu arudi.